Kupima mtoto wa shule: kisha uzito na macho, tuulize pia moyo na akili

Mwezi wa tisa masomo inapofunguliwa, karibu kila darasa la mwaka wa kwanza wa primeri huwa na mtoto mmoja anayekaa nyuma kabisa. Haandiki, hajibu, na akiitwa jina lake hageuki. Kufika Noeli jina lake limekwisha badilika: mwalimu anamwita mvivu, wenzake wanamwita bubu, na nyumbani wanasema, "Huyu mutoto iko na kichwa nguvu." Mwezi wa saba anarudia darasa. Wengine wa namna yake hawarudi tena masomoni.

Mtoto huyo ana nini? Inawezekana sikio lake moja halisikii tangu alipougua masikio yenye kutoka usaha. Inawezekana haoni ubao. Inawezekana ana kifafa kile cha kimya, ambacho hakimwangushi chini bali kinamzima kwa sekunde chache, mara nyingi kwa siku, na mwalimu anafikiri anaota mchana. Inawezekana anajua Mashi au Kinande tu na bado hajaelewa anachoambiwa. Inawezekana alikimbia vita na masikio yake yangali yanasubiri mlio wa bunduki. Inawezekana akili yake inakua polepole kuliko ya wenzake. Kwa macho ya mtu anayepita, watoto hawa wote wanafanana. Msaada wao haufanani hata kidogo, na hakuna hata mmoja ambaye fimbo itamponya.

Ndiyo sababu katika inchi nyingi, mtoto anapopimwa afya mbele ya kuingia shule, muganga haishii kwenye uzito, meno na chanjo. Anauliza pia namna mtoto anavyokua, anavyojisikia moyoni, na anavyoishi na wengine. Kwetu mashariki mwa Kongo kazi hiyo bado ni ya hapa na pale. Lakini sehemu yake kubwa haiombi mashine wala daktari bingwa, ndiyo maana tunaieleza hapa kwa wazazi, walimu na kamati za wazazi.

Kipimo hiki ni kama ule mkanda wa mkono

Kila mama aliyepeleka mtoto kupimwa anaujua ule mkanda ambao RECO anauzungusha kwenye mkono wa mtoto mdogo: kijani, manjano, nyekundu. Mkanda ukionyesha nyekundu, chini ya sentimita 11,5, hausemi kwa nini mtoto amekonda. Hausemi kama ni njaa, minyoo, au kifua kikuu. Unasema kitu kimoja tu: huyu asirudi nyumbani hivi hivi, apelekwe mbele aangaliwe vizuri.

Kipimo cha moyo na akili ni vilevile. Ni maswali machache na michezo midogo ya kuchuja watoto. Hakitoi jina la ugonjwa. Mwalimu ambaye, kisha kuuliza maswali 10, anaandika kwenye fishi "mtoto ana wazimu" au "mtoto ni wa akili ndogo", amekitumia vibaya, na heri asingekitumia kabisa. Kuna pia watoto wazima wanaoonekana nyekundu siku hiyo kwa sababu tu walikuwa na njaa, malaria au aibu. Hao wanapimwa tena kisha wiki mbili tatu.

Mahali ambapo mtoto anatupotea

Tangu kuzaliwa mpaka miaka 5, mtoto wa Kongo ana mahali pake pa kupimwa: ile siku ya kupima watoto kwenye kituo cha afya, tunayoiita CPS. Wazazi wengi wanaifuata vizuri mpaka sindano ya surua, kisha wanapunguza. Mtoto akifikisha miaka 5 hana tena siku yoyote ya kukutana na muganga akiwa mzima. Ataonwa tu akiwa na homa.

Halafu miaka 6 anaingia primeri. Tangu masomo ya primeri ya serikali yawe bure mwaka 2019, watoto wengi ambao zamani wangebaki nyumbani wameingia, na hilo ni jambo la kufurahia. Lakini mwalimu mwenye watoto 70 au zaidi mbele yake hawezi kumwona yule wa nyuma. Tunasema wazi: hatumlaumu mwalimu. Mtu hawezi kuona kile ambacho hajapewa nafasi ya kuangalia.

Kwa hiyo nyakati mbili zinafaa kuliko zote. Ya kwanza ni wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza. Ya pili ni kuingia mwaka wa 7, karibu na miaka 12, wakati mwili unabadilika, mtoto anaanza kuficha mambo, na wasichana wengi wanaanza kupotea masomoni. Shule inaweza kupatana na enfirmie mkubwa wa kituo cha afya cha eneo lake siku mbili au tatu za kazi hiyo. Siku ya kutoa dawa ya minyoo shuleni ni nafasi nzuri, kwa kuwa watoto wanakuwa wamekwisha pangwa mstari.

Masikio na macho kwanza

Hapa tungeomba msomaji akae kidogo, kwa sababu ndipo makosa mengi yanapofanyika. Watu wanakimbilia maswali ya moyo na kusahau kwamba mtoto asiyesikia anaonekana mkaidi, na asiyeona anaonekana mvivu.

Kuna maswali 10 yanayojulikana sana, yaliyotengenezwa miaka ya 1980 kwa inchi zenye waganga wachache. Anaulizwa mzazi wa mtoto wa miaka 2 mpaka 9: alichelewa kukaa au kutembea? anaelewa unachomwambia? aliwahi kuanguka kifafa? Yalijaribiwa Bangladesh, Jamaica na Pakistani, na baadaye Kilifi kule pwani ya Kenya. Yanakamata vizuri watoto wenye shida kubwa. Lakini kwa kusikia na kuona yalionekana kuwa dhaifu, na sababu ni rahisi: mzazi hawezi kukuambia kitu ambacho yeye mwenyewe hajakigundua. Mtoto asiyesikia vizuri anajifunza kuangalia midomo na kufuata wenzake, na nyumbani hakuna anayejua. Basi masikio na macho yapimwe, yasiulizwe tu.

Kwa masikio, simama nyuma ya mtoto, umbali wa mkono mmoja ulionyooka, ili asione midomo yako. Aweke kidole kwenye sikio moja na kulisugua taratibu. Toa pumzi, kisha nong'ona maneno mawili matatu anayoyajua: "mbuzi", "kikombe", "tano". Ayarudie. Geuza sikio lingine. Aliyeshindwa mara mbili aangaliwe ndani ya sikio. Mara nyingine ni uchafu tu au usaha wa siku nyingi, na kituo cha afya kinaweza kuanza kumtunza siku hiyo hiyo. Mara nyingine ni alama iliyoachwa na meninjiti au na malaria iliyopanda kichwani.

Kwa macho, kuna ile karatasi ya herufi E zinazoelekea juu, chini, kulia na kushoto, inayotundikwa mita 6. Mtoto hahitaji kujua kusoma, anaonyesha kwa mkono tu miguu ya E inaangalia wapi. Jicho moja kwanza, kisha la pili.

Na muulize mzazi juu ya kifafa bila kuzunguka. Katika Ituri, sehemu za zoni ya afya ya Logo, watafiti wamekuta kifafa kingi kwa watoto na vijana wa vijiji vilivyo karibu na mito yenye inzi wale wadogo weusi wanaoleta upofu wa mto. Kule dawa ya Mectizan inayogawiwa kila mwaka si ya macho na ngozi peke yake. Kifafa kina vidonge, havina bei ya kutisha, na mtoto anayevimeza kila siku bila kuacha anaweza kusoma kama wenzake.

Maswali ya moyo, na lugha ya kuyauliza

Kisha masikio na macho, ndipo maswali. Kuna fishi mbili ambazo mtu wa afya au mshauri wa shule anaweza kuzitafuta.

Ya kwanza ilitungwa na muganga wa Uingereza, Robert Goodman, ikatoka mwaka 1997. Ina sentensi 25, katika makundi matano ya sentensi tano tano: huzuni na woga, tabia ya ugomvi, kutotulia, shida na wenzake, na mwisho yale mazuri, kama kusaidia na kugawa chakula chake. Kila sentensi inajibiwa si kweli, kweli kidogo, au kweli kabisa. Kuna ya mzazi, ya mwalimu, na ya kijana mwenyewe kuanzia miaka 11. Tunaipenda kwa lile kundi la tano. Mzazi anayeitwa shuleni amezoea kusikia ubaya wa mtoto wake, hapa anaulizwa pia wema wake.

Lakini mipaka ya pointi zake ilipangwa kwanza kwa watoto wa Uingereza. Usichukue pointi hizo ukazipachika kwa mtoto wa Nyiragongo au Djugu kama bei ya sokoni. Zinaonyesha nani wa kuangalia kwanza, basi.

Ya pili ni ya UNICEF na kundi la Washington, ya mwaka 2016. Kwa mtoto wa miaka 5 mpaka 17 ina maswali 24 kwa mama au mlezi: kuona, kusikia, kutembea, kujitunza, kusema, kujifunza, kukumbuka, kutuliza akili, kukubali mabadiliko, kujizuia, kupata marafiki, woga na huzuni. Sehemu kubwa inajibiwa kwa hakuna shida, shida kidogo, shida nyingi, hawezi kabisa. Kila mara mzazi analinganisha na watoto wa umri ule ule, si na kaka yake mkubwa, wala na mtoto wa jirani anayepata pointi 90.

Mbele ya fishi yoyote, tafuta lugha ya mtoto. Mtoto wa miaka 6 aliyetoka Masisi akaingia shule ya Goma anaweza kusikia Kihunde au Kinyarwanda kuliko Kiswahili, na Kifaransa hakimo kabisa. Ukimpima kwa Kifaransa umepima Kifaransa. Hata Kiswahili, tumia kile cha nyumbani: "Unasikiaka woga usiku?" "Kuna mutu anakupigaka?" "Unachezaka na nani?" Mtoto anajibu swali la namna hiyo. Ukimuuliza kama ana msongo wa mawazo, atasema ndiyo, mwalimu, ili akae.

Angalia pia tumbo. Watoto wetu hawasemi "nina huzuni". Wanasema tumbo linauma, kichwa kinauma, na linauma asubuhi ya masomo tu, siku ya yenga linapona. Kabla ya kumwita mwongo, pima malaria na minyoo. Vikikosekana, uliza nani anamngoja njiani au ndani ya darasa.

Watoto waliokimbia

Watoto wa Beni na Butembo wa miaka ya Ebola, 2018 mpaka 2020. Wale walioukimbia moto wa Nyiragongo mwezi wa tano 2021. Wale ambao maji yaliwachukulia ndugu Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, mwezi wa tano 2023. Wale wa vita vya Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025. Wamo madarasani leo, na fishi ya shule haina mstari unaouliza hayo.

Kisha jambo la kutisha, mtoto kuota vibaya, kushika nguo ya mama, kushtuka mlango ukipigwa, kucheza mchezo wa kuzika au wa kupigana, au kuanza tena kukojoa kitandani wakati alikwisha acha, si wazimu. Ni mwili unaotafuta usalama. Wengi wanatulia katika wiki chache wakipata mtu mkubwa mmoja asiyewafokea, saa za kula na kulala zisizobadilika, na nafasi ya kucheza. Shule yenyewe ni dawa hapo. Kama mwezi mmoja umepita na mambo hayapungui, au mtoto ameacha kula, kucheza na kusema, huyo ni wa kupelekwa mbele.

Kitu kimoja anayepima asikifanye: kumlazimisha mtoto asimulie. Baadhi yetu waandishi tulikosea sana hapo, tukifikiri kulia ni kupona. Mtoto akitaka kusema, msikilize. Akinyamaza, mwachie.

Na kuna mambo mawili yasiyosubiri wiki. Mtoto anayesema anataka kufa au kujiua apelekwe kwa muganga siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake. Mtoto aliyebakwa au kuguswa vibaya afike hospitali mbele ya saa 72, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazifanyi kazi kisha hapo. Asihojiwe na mwalimu, na direkta, na kamati, kila mmoja kwa zamu. Mtu mmoja anayemwamini anatosha, na familia isikae kupatana mbuzi ngapi.

"Wataandika nini juu ya mutoto wangu?"

Hilo ndilo swali la wazazi, na wana haki ya kuliuliza. Katika kartie, neno likitoka ndani ya ofisi linafika sokoni mbele ya mama mwenyewe.

Wakongomani wengi wana ndugu waliopelekwa Marekani kama wakimbizi, na wengine wako jimbo la Illinois. Kule, sheria iliyotoka mwaka 2017 iliingiza kipimo cha kukua na cha moyo ndani ya kipimo cha afya cha shule. Lakini fomu inayorudi shuleni inaonyesha tu kama kipimo kilifanywa au hapana. Majibu yanabaki kati ya muganga na mzazi. Na mtoto ambaye hakupimwa sehemu hiyo hafukuzwi shule. Kwa hiyo ndugu yako akipiga simu akiwa na woga kwamba "wanauliza mutoto maswali ya kichwa", unaweza kumtuliza.

Sisi hatuna sheria hiyo, lakini namna yenyewe haiombi pesa. Mzazi aelezwe mbele na akubali. Maswali yaulizwe pembeni, si mbele ya mstari wa watoto. Daftari la majibu likae kituo cha afya. Mwalimu aambiwe tu kile kinachomsaidia kufundisha: "Huyu akae mbele, sikio la kulia ndilo zima." Hahitaji kujua zaidi.

Neno la bulozi

Tusilifiche. Mtoto anayesema peke yake usiku, anayeanguka kifafa, anayekojoa kitandani, mwenye kichwa kikubwa au asiyecheka, katika familia nyingi jina la kwanza analopewa ni mulozi. Akipelekwa kwenye chumba cha maombi kufungwa na njaa siku tatu, kifafa kinazidi.

Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa bulozi. Sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, kifungu cha 160, inaweka kifungo cha mwaka 1 mpaka 3 na amende kwa anayefanya hivyo, awe mzazi, pastere au jirani. Lakini kwa uzoefu wetu wa vipindi vya asubuhi, kinachobadilisha baba si kifungu. Ni siku anapoona mtoto aliyeitwa mulozi amemeza vidonge miezi mitatu bila kuanguka.

Akipatikana, anaenda wapi?

Kupima watoto na kuwaacha hapo si haki. Mbele ya kuanza, shule iandike kwenye karatasi moja mahali pa kutuma. Kwa akili na kifafa, Bukavu kuna SOSAME na Goma kuna Tulizo Letu, vyote viwili vya Mabruda wa Upendo. Kwa ulemavu, Bukavu wanaijua Heri Kwetu. Kwa aliye mbali, mlango ni hospitali kuu ya zoni ya afya: uliza kama kuna mtu aliyefundishwa mambo ya akili au mshauri wa kisaikolojia. Mashirika yanayokuja na kuondoka yana nafasi za watoto kuchezea, lakini uliza mbele kazi yao inaisha lini.

Nauli ndiyo inayoua mpango mwingi. Kamati ya wazazi iliyotenga franka kidogo kwa kazi hiyo inafanya zaidi ya ile iliyonunua mihuri mipya.

Na mengi yanafanyika darasani bila kumtuma mtu: kumsogeza mtoto mbele, kumpa mwenzake mmoja wa kumwonyesha kaye, kumruhusu atoke kidogo anapotetemeka, kumwambia kazi moja kwa wakati mmoja, kuacha fimbo. Mwalimu aandike tarehe na alichokiona, kwa maneno ya kawaida: "leo amejibu mara mbili". Kisha miezi mitatu maneno hayo yatamsaidia muganga kuliko pointi yoyote.

Mzazi naye aombe karatasi yake ndogo: tarehe, masikio, macho, dawa anazomeza mtoto, na mahali alipotumwa. Aitie ndani ya ule mfuko wa plastiki wenye fishi ya chanjo na buletini, ule ambao mtu anaushika wa kwanza siku ya kukimbia. Shule ya kule mtakakofika haitakuwa na daftari lingine la kuanzia.